Barabara ya Mombo hadi Magamba katika michoro

Kwenye ramani ya kawaida, barabara ya Mombo kwenda Lushoto ni mstari uliopindapinda, wa kilomita 33 hivi. Ramani hiyo haionyeshi jambo kubwa kuliko yote: mlima. Mombo iko tambarare, mita 400 na ushei juu ya usawa wa bahari, na mji wa Lushoto unakaribia mita 1,400. Mwinuko huo huonekana kwenye grafu yenye kilomita kwa ulalo na mita kwa wima. Kwa wastani barabara inapanda mita 3 katika kila mita 100, kiasi ambacho hakimtishi mtu. Lakini wastani unaficha mengi. Grafu inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kupanda iko kati ya Mombo na Soni, penye kona kali juu ya korongo. Kutoka Soni mstari unalegea, kisha baada ya Lushoto unapanda tena kuingia msitu wa Magamba.

Dereva aliyeshika usukani hana nafasi ya kutazama grafu. Kwake kuna alama za barabarani. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya, duara lenye ukingo mwekundu linakataza au kuweka kikomo, na duara la buluu linaamuru. Alama ya mteremko ikiandikwa 10%, maana yake ni kwamba kila mita 100 za kwenda mbele gari linashuka mita 10. Hiyo ndiyo alama ya kusomwa mapema kuliko zote, kwani gia nzito huingizwa kabla ya kuanza kushuka. Fuso lililosheheni kabichi na viazi kutoka Lukozi huko milimani likizuiwa kwa breki peke yake, msuguano huzichemsha breki hadi zikakosa nguvu. Katika gia nzito, injini yenyewe hulishika gari.

Gari likiharibika, mara nyingi utingo hukata matawi mabichi na kuyalaza barabarani kwa kuachana, hatua kadhaa nyuma na mbele ya gari. Kila dereva Tanzania huielewa alama hiyo bila kufundishwa. Mchana inafaa sana. Usiku, au katika ukungu wa Magamba, jani haling'ai, na hapo pembetatu za kuakisi mwanga hazina mbadala. Ubaya mwingine ni matawi kuachwa barabarani gari likishaondoka: yakizoeleka kuonya bure, hata yale ya kweli hupuuzwa.

Gari lenyewe nalo lina ya kusomwa. Namba ya njano ni ya gari binafsi, nyeupe ni ya biashara; STK ni ya serikali, PT ya polisi. Leseni ya kubeba abiria hutolewa na LATRA, mamlaka iliyorithi kazi hiyo kutoka SUMATRA mwaka 2019. Kwa rangi ya namba tu, abiria anayeitiwa Noah yenye namba ya njano anaweza kujua, kabla hajapanda, kwamba gari hilo halikusajiliwa kwa biashara.