Radoni: Hatari Isiyonusika Ndani ya Nyumba



Tunapozungumza juu ya usalama, mara nyingi tunaishia kwenye lango la kiwanda. Tunadai glavu, viatu na miwani, na zamu ikiisha tunaona kwamba hatari tumeiacha nyuma yetu. Leo tunapenda kuwaeleza habari za mfanyakazi mmoja wa Marekani ambaye mambo yake yalikuwa kinyume. Kazini alikuwa salama. Nyumbani ndiko alikokuwa akidhurika.

Jina lake ni Stanley Watras. Mwaka 1984 alikuwa mhandisi katika ujenzi wa kituo cha umeme wa nguvu za atomiki cha Limerick, katika jimbo la Pennsylvania. Kituoni palikuwa na mashine za kuwapima wafanyakazi, kuona kama wamebeba vumbi lenye mionzi. Mwezi wa Desemba king'ora kikaanza kulia kila alipopita yeye. Jambo hilo lilishangaza, maana kituo kilikuwa bado hakijaanza kutoa umeme. Siku moja Watras aliingia asubuhi, akaenda moja kwa moja kwenye mashine kabla ya kugusa kazi yoyote. King'ora kikalia. Hapo ikajulikana kwamba mionzi ile hakuipata kazini, bali alikuja nayo kutoka kwake.

Wapimaji walipofika nyumbani walikuta hewa ya radoni ikipita mara 700 hivi kiwango ambacho leo serikali ya Marekani inamwambia mwenye nyumba achukue hatua. Mapema mwaka 1985 familia ikahama. Ilirudi baada ya miezi kadhaa, nyumba ilipokwisha kutengenezwa.

RADONI NI NINI?

Katika udongo na miamba kuna madini ya urani, mahali pengine kidogo, mahali pengine mengi. Urani inapochakaa polepole hutoa hewa iitwayo radoni. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Hupanda kutoka ardhini na kupita katika nyufa za sakafu na kando ya mabomba. Nje inapotea upesi katika upepo. Ndani ya nyumba iliyofungwa inajikusanya.

Radoni nayo huchakaa, na huacha chembe ndogo zenye mionzi ambazo hushikamana na vumbi. Tukivuta vumbi hilo, chembe zinakaa mapafuni na kuyachoma kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mwisho wake waweza kuwa kansa ya mapafu. Mtu hakohoi leo wala kesho. Ndiyo sababu hatari hii hupuuzwa.

Walioumia kwanza ni wenzetu wachimbaji. Huko Schneeberg, Ujerumani, wachimbaji walikufa kwa ugonjwa wa kifua kwa karne nyingi. Mwaka 1879 madaktari wawili, Härting na Hesse, walionyesha kwamba ugonjwa ule ulikuwa uvimbe wa mapafu. Hata hivyo, katika karne ya 20 Wamarekani wa kabila la Navajo waliingizwa katika migodi ya urani isiyokuwa na hewa ya kutosha. Sheria ya kuwalipa fidia ilipitishwa mwaka 1990, wengi wakiwa wamekwisha kufa.

Mwaka 1988 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliiweka radoni katika orodha ya vitu vinavyosababisha kansa kwa hakika. Mvutaji wa sigara ndiye aliye hatarini zaidi. Shirika hilo linakadiria kwamba hatari ya radoni kwake ni mara 25 ya ile ya mtu asiyevuta.

KUPIMA

Pua haiwezi kupima radoni, na nyumba ya jirani haiwezi kukupa jibu. Nyumba mbili zinazopakana zaweza kutofautiana kabisa.

Kipimo cha muda mfupi ni kopo dogo lenye makaa maalumu. Huwekwa siku 2 hadi 7 katika chumba cha chini kabisa kinachokaliwa, mbali na jiko na bafu, madirisha yakiwa yamefungwa. Kisha hupelekwa maabara. Kipimo cha muda mrefu ni kipande cha plastiki ambacho mionzi hukitia alama. Hukaa miezi 3 au zaidi, na jibu lake ni la kuaminika zaidi kwa sababu radoni hupanda na kushuka kwa majira.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba radoni isizidi bekereli 100 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Nchi isiyoweza kufikia hapo isiruhusu kupita 300.

KUPUNGUZA

Kuziba nyufa kunasaidia, lakini peke yake hakutoshi. Njia iliyo imara ni kutoboa sakafu, kuingiza bomba mpaka chini yake, na kufunga feni inayovuta hewa ya ardhini na kuitoa juu ya paa. Nyumba mpya ni rahisi zaidi: kabla ya kumwaga zege hutandazwa kokoto na karatasi ya plastiki, na bomba huachwa tayari.

NA SISI JE?

Nyumba zetu nyingi hazina chumba cha chini ya ardhi, na madirisha hukaa wazi. Hiyo ni kinga nzuri. Lakini katika nyanda za juu zenye baridi, kwenye laini za mashamba ya chai, tunafunga kila tundu usiku. Na miamba haifanani. Kilima cha Mrima huko Kwale, Kenya, kina madini mengi ya thori, ambayo hutoa hewa iliyo ndugu ya radoni. Hewa hiyo yaweza kutoka hata katika kuta za udongo.

Kwa hiyo hatusemi watu waogope. Tunasema nyumba zipimwe. Anayekaa nyumba ya kampuni hana ruhusa ya kutoboa sakafu wala kuongeza dirisha, basi kazi hiyo ni ya mwenye nyumba, yaani mwajiri. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Namba 115 la mwaka 1961 juu ya nyumba za wafanyakazi, limetaja hewa ya kutosha kuwa moja ya mambo ya lazima kuangaliwa.

Tunaziomba kamati za matawi ziandike majina ya laini zisizo na madirisha au matundu ya hewa, ziangalie sakafu zilizopasuka, na kuliweka jambo hili mezani katika mazungumzo yajayo na waajiri. Wakati tukingoja, tufungue madirisha mchana, na tusivute sigara ndani wanakolala watoto.

Watras aliokolewa na mashine iliyokuwa kazini kwake. Sisi wengi hatuna mashine hiyo langoni. Tuna chama.