Ukuta nao ni mwalimu

Wahenga walisema macho hayana pazia. Mtu apitaye njiani huona yote yaliyo mbele yake, atake asitake. Wafanyabiashara walilitambua jambo hili zamani. Ukisafiri kutoka Nyakanazi kupitia Lusahunga hadi Rusumo utaona maduka mengi ambayo kuta zake zimepakwa rangi za kampuni za simu na za vinywaji. Mtoto ambaye bado hajajua kusoma huitambua soda aipendayo kwa rangi yake tu, tena kwa mbali.

Sasa tujiulize: kuta za zahanati zetu, za shule, za masoko na za vituo vya mabasi zinamfundisha nini mtoto huyo? Nyingi hazisemi kitu. Nyingine zina karatasi zilizobandikwa miaka iliyopita, zimepauka na kuchanika, na maandishi yake ni madogo hata mwenye miwani hayasomi. Katika toleo hili tunapenda tuzungumze juu ya picha za ukutani, faida zake kwa afya, na mambo ya kuangalia kabla hatujashika brashi.

SANAA HII SI NGENI KWETU

Wengine watasema kuchora kutani ni mambo ya mijini. Sivyo. Ukivuka daraja la Rusumo kutoka Ngara unaingia wilaya ya Kirehe nchini Rwanda, ambako akina mama wana sanaa ya siku nyingi iitwayo imigongo. Huchanganya kinyesi cha ng'ombe na majivu, wakafinyanga kwa vidole matuta membamba yenye kufuata mistari, kisha wakayaacha yakauke na kuyapaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Masimulizi ya huko yanasema aliyeianzisha ni Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, aliyetaka kuipamba nyumba yake kwa ndani. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 ujuzi huu ulikuwa karibu kupotea, lakini vikundi vya akina mama viliufufua, na leo kazi zao zinajulikana mbali.

(Hapa tuseme neno moja kama wauguzi. Kinyesi cha ng'ombe kinafaa ukutani, lakini hakifai kamwe kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Kinaweza kubeba vijidudu vya pepopunda, na pepopunda huua watoto wachanga.)

Sisi Watanzania nasi tuna watu wa kujivunia. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 na kufariki mwaka 1972, alipata kufanya kazi ya uhudumu katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Mhudumu huyu wa wagonjwa alichora wanyama na ndege kwenye vipande vya mbao laini kwa rangi za kupakia baiskeli, na mtindo wake umeenea duniani kwa jina lake. Hakungoja vifaa vya gharama.

Mwingine ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro. Katika miaka ya 1950 alichora picha kubwa tano kwenye kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a nchini Kenya, kuanzia kuzaliwa kwa Bwana hadi kusulubiwa. Watu aliowachora ni Waafrika na nchi yao ni ya Kiafrika. Aliyeingia mle alijiona yeye mwenyewe ukutani. Tushike jambo hili, maana tutalirudia.

PICHA INAMSAIDIAJE MGONJWA?

Mwaka 1984 mtaalamu mmoja wa Marekani, Roger Ulrich, alitangaza utafiti aliofanya katika hospitali moja ya Pennsylvania. Alilinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa kwa ajili ya mfuko wa nyongo. Nusu yao dirisha lao lilitazama miti, na nusu nyingine lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitali mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko wenzao. Ni kweli ile ilikuwa miti halisi, si picha. Lakini utafiti ule uliwafanya wengi waanze kujiuliza kile anachotazama mgonjwa kutwa nzima kinamfanya nini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa iliyokusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000, ikaeleza kwamba sanaa za aina mbalimbali zina msaada katika kuzuia maradhi na katika kuwauguza wagonjwa.

Sisi wa wodini hatukuhitaji kuambiwa mara mbili. Mtoto anayeletwa kuchomwa sindano huanza kulia akiona tu koti jeupe. Kama ukutani kuna twiga, muuguzi humwuliza, "Twiga huyu anakula nini? Mtoto wake yuko wapi?" Mtoto akianza kutafuta kwa macho, sindano imekwisha ingia na kutoka. Maumivu hupungua mawazo yakiwa mahali pengine. Vilevile mama aliyekaa kwenye benchi la kliniki kwa saa tatu anaweza kukaa saa hizo bure, au anaweza kuzikaa mbele ya picha inayoonyesha vyakula vya mtoto wa miezi sita: uji ulioongezwa karanga, maharage yaliyopondwa, dagaa, parachichi, mchicha. Siku ya kupika ataikumbuka.

Wilaya zetu zina sababu nyingine ya kupenda picha. Hapa kuna Wahangaza, Washubi, Wasubi, Wazinza, Wasukuma waliohamia, na kila siku wanapita madereva wa malori wanaokwenda Rwanda na Burundi kwa njia za Rusumo na Kabanga. Wazee wengi hawakupata nafasi ya kwenda shule. Picha iliyochorwa vizuri haimwulizi mtu lugha yake wala darasa aliloishia.

TUMEKWISHA ONJA UCHUNGU

Tusidhani haya ni mapambo tu. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika wilaya ya Bukoba, hapa hapa Kagera. Watu tisa walihesabiwa kuwa waliugua na sita wakafariki. Tarehe 20 Januari 2025 ugonjwa huo ulitangazwa Biharamulo. Wakati mlipuko unatangazwa kuwa umekwisha, tarehe 13 Machi 2025, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10: wawili waliothibitishwa na maabara na wanane waliodhaniwa kuwa nao. Wote 10 walifariki.

Marburg hukaa kwa popo fulani wanaokula matunda na kuishi mapangoni. Kwa binadamu huenea kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Dalili huweza kuanza siku 2 hadi 21 baada ya kuambukizwa: homa kali, kichwa kuuma sana, mwili kuchoka, kisha kuhara na kutapika, na wengine kutokwa damu. Mwanzoni hufanana na malaria. Hadi wakati wa milipuko hiyo hapakuwa na chanjo wala dawa maalumu iliyoidhinishwa, hivyo kinga kubwa ilikuwa maarifa.

Ugonjwa wa namna hii ukiingia, magari ya matangazo huja, vipaza sauti hulia, vipeperushi hugawiwa. Ni kazi njema na imeokoa watu. Lakini mlipuko ukiisha magari huondoka, na vipeperushi huishia kufungia karanga. Ukuta haundoki. Elimu ya kunawa mikono, ya kutomgusa mgonjwa bila kinga, ya kutoosha maiti ya aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana, na ya kuwahi kutoa taarifa kituoni, inapaswa kuwa machoni pa watu kabla hatari haijaja. Mwaka 2020, wakati wa korona, vijana wachoraji wa Mathare, Nairobi, walichora kwenye kuta za mtaa wao picha za kuhimiza watu wajikinge. Walichora mahali ambapo jirani zao hupita kila siku.

KABLA HATUJASHIKA BRASHI

Picha mbaya inaweza kudhuru kuliko ukuta mtupu. Kwa hiyo tunashauri mambo haya:

1. Waulizwe watumiaji wa mahali hapo. Walimu wa afya wana kisa chao cha zamani. Mtaalamu aliwaonyesha wanakijiji picha ya mbu iliyokuzwa sana ili waone miguu yake. Mwishoni wakamwambia, "Pole sana bwana, huko kwenu mna mbu wakubwa. Wetu ni wadogo." Mchoro uanze kwenye karatasi, uonyeshwe kwa akina mama, wazee na watoto. Msiulize, "Mmeelewa?" maana watajibu ndiyo kwa heshima. Ulizeni, "Mnaona nini hapa?" Msikilize, kisha mbadilishe.

2. Picha ifanane na sisi. Nyumba iwe ya kwetu, migomba iwepo, mama avae kitenge, maji yatoke kwenye dumu au kibuyu chirizi. Jikoni pa mjini penye bomba la kung'aa hapamfundishi mama wa kijijini, bali humwambia kuwa mambo haya ni ya wengine.

3. Picha ionyeshe la kufanya, isitishe. Hapa Kagera tunalijua hili. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa katika mkoa wetu mwaka 1983, na watu wakauita ugonjwa huo Juliana. Baadaye, katika sehemu nyingi, zilitumika picha za mafuvu na mifupa. Watu waliogopa kweli, lakini walimwogopa mgonjwa. Mwenye kuogopa hujificha, na aliyejificha hatibiwi.

4. Picha isiseme uongo. Ukichora mtu ananawa mikono, na chini yake ndoo ni kavu na sabuni hakuna, umewafundisha watu kwamba maneno ya hospitali ni ya ukutani tu. Ndoo itangulie, picha ifuate. Na ateuliwe mtu kwa jina wa kuijaza kila asubuhi.

5. Wachoraji wawe wa hapa hapa. Vijana wanaoandika majina ya maduka na kupamba pikipiki wana mikono mizuri. Muuguzi alete ujumbe, kijana alete ufundi, kamati ya kijiji ilete ukuta na ruhusa. Kijiji kilichochora chenyewe hakitaacha picha yake ichafuliwe.

6. Kazi ifanywe wakati wa kiangazi, ukuta ukiwa umekauka vizuri, na ikiwezekana chini ya paa lililotokeza ili mvua isiioshe. Kila mwaka ikaguliwe. Picha iliyobanduka nusu humwambia mgonjwa kwamba hapa hakuna anayejali.

RANGI NAYO INA HATARI ZAKE

Baadhi ya rangi, hasa za mafuta zenye kung'aa, huwa na madini ya risasi. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo wake, huweza kumpunguzia akili ya kujifunza na kumletea upungufu wa damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na kiwango kinachopendekezwa kwa rangi ni risasi isiyozidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni. Watoto hugusa ukuta kisha hutia vidole kinywani. Hivyo:

- Nunueni rangi ya maji, na msome kwenye kopo kama imeandikwa kuwa haina risasi. Chokaa na udongo wa rangi pia hufaa.
- Rangi kuukuu isikwanguliwe ikiwa kavu. Ilowesheni kwanza ili vumbi lisiruke, na watoto na wajawazito wakae mbali.
- Wagonjwa wahamishwe wodini siku ya kupaka, madirisha yaachwe wazi mpaka harufu iishe.
- Makopo ya rangi yasitumike kuchotea maji wala kupimia unga.
- Mtoto akinywa mafuta ya taa au dawa ya kuyeyushia rangi, asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mara moja.

Ndugu wasomaji, hatusemi kila ukuta upakwe rangi. Tunasema kila kijiji kichague ukuta mmoja tu kwa kuanzia, ule ambao watu wengi hukaa mbele yake: pengine wa zahanati, pengine wa mashine ya kusaga, pengine wa soko. Kisha kijiulize ni ugonjwa gani uliozika watoto wetu mwaka jana. Picha ya kwanza iwe juu ya ugonjwa huo. Kama ni malaria, achorwe mtoto ndani ya chandarua. Kama ni kuhara, ichorwe choo chenye mfuniko na maji ya kunawa kando yake.

Walio tayari waende kwa mganga mfawidhi wa zahanati yao au kwa muuguzi wa kliniki ya watoto, wakiwa na mchoro wao wa karatasi. Watasaidiwa kuangalia kama ujumbe ni sahihi. Mchoro huo wauonyeshe pia kwa bibi asiyejua kusoma. Akisema kwa maneno yake kile mnachotaka kufundisha, nunueni rangi.