Usukani mwepesi wa Porsche 911: Je, unamnyima dereva hisia ya barabara?

Anayeagiza Porsche 911 mpya hupewa orodha ndefu ya vitu vya kuongeza kwa pesa yake: rangi, viti, rimu, breki. Ndani ya orodha hiyo kuna kitu kimoja ambacho ubishi wake ni mkubwa kuliko ukubwa wake. Kinaitwa Power Steering Plus.

Kazi yake ni moja tu. Kinafanya usukani uwe mwepesi zaidi gari likiwa kwenye mwendo mdogo, hasa wakati wa kupaki. Mwendo ukipanda, usukani unarudi kuwa mzito na imara.

Sasa hofu ya mnunuzi iko hapa. Mtu hanunui gari la michezo ili limfikishe sokoni. Analinunua ili aisikie barabara mikononi. Je, akiongeza kitu cha kulainisha usukani, si atakuwa amelipa pesa ili kuharibu kile kile alichokifuata?

Na mara nyingi uamuzi huo hufanywa wakati wa kuagiza, kabla mtu hajaligusa gari lenyewe.

Jibu fupi: kwenye mwendo mdogo tofauti ipo na utaihisi. Kwenye mwendo mkubwa, ambako hisia ya usukani ina maana zaidi, tofauti ni ndogo sana. Lakini ili kuelewa kwa nini, ni lazima kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya.

Uzito si hisia

Watu wakisema gari fulani lina "usukani mzuri", mara nyingi wanamaanisha ni mzito. Kiukweli uzito na hisia ni vitu viwili tofauti.

Uzito ni nguvu unayotumia kuugeuza usukani. Hisia ni taarifa inayorudi kutoka kwenye tairi za mbele: kama barabara ina mchanga, kama lami imelowa, kama tairi zinakaribia kuteleza.

Fikiria redio. Uzito ni kama sauti kuwa kubwa au ndogo. Hisia ni kama stesheni kushika vizuri. Unaweza kupunguza sauti na bado ukasikia kila neno. Unaweza pia kufungulia sauti mpaka mwisho ukaambulia mikwaruzo tu.

Madereva wa zamani wa Afrika Mashariki walioendesha Land Rover 109 wanalijua hili vizuri. Usukani wake ulikuwa mzito mpaka mabega yanauma, lakini hakuna aliyewahi kuusifu kwamba unaongea na dereva.

Taarifa inatoka wapi?

Gari likiingia kwenye kona, tairi za mbele hujaribu zenyewe kurudi kunyooka. Hiyo ndiyo nguvu unayoisikia ikiuvuta usukani urudi katikati. Inatokana na jinsi miguu ya mbele ilivyopangwa, na jinsi mpira wa tairi unavyojipinda pale unapogusa lami.

Kuna jambo moja muhimu hapa. Nguvu hiyo huanza kupungua kidogo kabla tairi halijafika mwisho wa uwezo wake wa kushika barabara. Yaani usukani unalegea mkononi kabla gari halijateleza.

Kwa dereva makini, ule ulegevu ni onyo. Anapunguza mwendo au anarudisha usukani kidogo, na gari linabaki kwenye njia yake. Onyo hilo likifichwa, anayeteleza atagundua akiwa tayari ameshateleza. Ndiyo maana ubishi huu si wa madaha tu, una usalama ndani yake.

Pawa steringi inafanyaje kazi?

Mfumo wa kisasa wa umeme una vitu vitatu vya msingi. Kuna kipande cha chuma chembamba ambacho hujipinda kidogo unapogeuza usukani. Kuna sensa inayopima kimejipinda kiasi gani. Halafu kuna mota ya umeme inayosukuma reki ya steringi kukusaidia.

Katikati yake kuna kompyuta. Inaangalia nguvu ya mkono wako na mwendo wa gari, kisha inaamua mota isaidie kiasi gani. Ukiwa unapaki, inasaidia sana. Ukiwa kasi, inasaidia kidogo.

Hapo ndipo Power Steering Plus inapoingia. Inabadilisha kiasi cha msaada kulingana na mwendo. Hesabu ya msaada kwenye mwendo mdogo inakuwa kubwa zaidi kuliko ile ya kawaida.

Na wakati wa kupaki, kuna taarifa gani ya kupoteza? Karibu hakuna. Tairi pana linasuguliwa tu kwenye sakafu ya maegesho. Uzito unaousikia pale haukuambii chochote kuhusu kona.

Eneo la ubishi wa kweli ni katikati: kona kali za mwendo mdogo, kama zile za barabara za milimani. Hapo dereva mzoefu anaweza kuhisi kwamba usukani haujazi mkono kama ule wa kawaida. Taarifa bado inakuja, ila kwa sauti ya chini zaidi.

Lawama iliyoangukia sehemu isiyo yake

Sifa mbaya ya usukani mwepesi kwenye 911 ina historia.

Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, na kwa miaka 25 hivi liliuzwa bila pawa steringi. Liliweza kwa sababu injini yake iko nyuma, hivyo tairi za mbele hazikubeba uzito mkubwa. Pawa steringi ya haidroliki ilikuja na toleo la 964, mwishoni mwa miaka ya 1980.

Badiliko kubwa lilifuata mwaka 2011, toleo la 991 lilipoingia na mfumo wa umeme. Sababu mojawapo ilikuwa mafuta. Pampu ya haidroliki huzungushwa na injini muda wote, hata ukiwa umenyoosha barabarani. Mota ya umeme hula nguvu pale tu inapohitajika.

Waandishi wengi wa magari walilalamika kwamba usukani wa 991 hauongei kama wa toleo la 997 lililotangulia. Lakini angalia vizuri: walilalamikia kuhama kutoka haidroliki kwenda umeme. Badiliko hilo liliwapata wanunuzi wote, aliyelipia Plus na asiyelipia.

Baada ya hapo ilitoka 911 GT3 ya mwaka 2013, nayo ikiwa na mfumo wa umeme, na usukani wake ukasifiwa na wengi. Teknolojia ni ile ile kimsingi, ila ilipangwa kwa namna nyingine. Somo lake ni kwamba kuwepo kwa msaada si tatizo lenyewe. Tatizo ni namna ulivyopangwa.

Bila msaada kabisa je?

Wapo waliochagua njia hiyo. Lotus Elise ilitengenezwa kuanzia 1996 hadi 2021 bila pawa steringi, na ni kati ya magari yanayosifiwa zaidi kwa hisia ya usukani. Alfa Romeo 4C iliyotoka 2013 nayo haikuwa nayo.

Lakini hayo ni magari mepesi sana, yenye injini nyuma ya dereva. Ukiondoa msaada kwenye gari zito lenye tairi pana mbele, unapata mateso badala ya hisia.

Tena kukosa msaada kuna gharama yake. Mazda MX-5 za mwanzo, zilizotoka mwaka 1989, ziliuzwa zikiwa na pawa steringi au bila. Zile zisizo nayo zilipewa reki ya polepole zaidi ili mkono uweze. Matokeo yake, dereva alilazimika kuzungusha usukani mara nyingi zaidi kwa kona ile ile. Anapata mawasiliano ya moja kwa moja, anapoteza wepesi wa kuitikia.

Honda NSX ya mwaka 1990 nayo ni mfano mzuri. Yenye gia za kawaida ilikuja bila msaada, yenye gia otomatiki ikawekewa msaada wa umeme. Gari moja, wateja wawili wenye mahitaji tofauti.

Nani achukue, nani aache?

Kwa mtu wa mjini anayepaki mara nyingi kwa siku, msaada wa ziada una faida. Vivyo hivyo kwa mwenye maumivu ya bega, kiwiko au vifundo vya mikono. Kwa mtu kama huyo, usukani mwepesi unaweza kuwa ndio unaomwezesha kuendelea kuendesha gari analolipenda.

Kwa anayelipeleka gari kwenye barabara za kona au uwanja wa mashindano kila wikendi, usukani wa kawaida unatosha. Nao tayari una msaada, si kwamba ni mgumu kama wa lori la zamani.

Kabla ya kuamua, mambo haya matatu yanasaidia:

1. Jaribu magari yote mawili, yenye Plus na yasiyo nayo. Usiishie kwenye maegesho ya muuzaji, maana huko ndiko tofauti inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Tafuta kona.

2. Soma orodha kwa makini. Kuna wakati Plus huja pamoja na mfumo wa kugeuza tairi za nyuma, hivyo unaweza kuwa nayo bila kuichagua peke yake.

3. Kwa gari lililotumika, usiharakishe kulaumu pawa steringi. Angalia kwanza tairi, upepo, alaimenti na tairodi. Tairi la bei rahisi au alaimenti iliyohama inaweza kuua hisia ya usukani kuliko kifaa hiki.

Hilo la mwisho wengi hulisahau. Taarifa yote huanzia pale mpira unapogusa lami. Kama hapo pameharibika, hakuna usukani utakaokuambia ukweli, uwe mzito au mwepesi.