Kasuku anayepiga kelele alfajiri: anataka nini, na ufanye nini kabla hujamfungulia mlango

Wiki mbili zilizopita, tulipofungua simu kwenye kipindi cha asubuhi, mama mmoja wa Hamugembe hakupiga kuomba wimbo wala kutuma salamu. Alipiga kumshitaki ndege. Jirani yake anafuga kasuku, na kasuku huyo huanza kupiga mayowe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hupumzika mchana, kisha hurudia tena jua linapozama. Akauliza: "Mtangazaji, hivi ndege naye anaweza kupelekwa kwa mtendaji wa kata?"

Studio nzima tulicheka. Lakini kabla kipindi hakijaisha, mwenye kasuku naye alipiga, na yeye hakuwa na kicheko. Alisema amechoka kugombana na majirani, ameshauriwa amfungulie mlango arudi porini, na alikuwa anafikiria kufanya hivyo siku hiyo hiyo. Nilimwomba asubiri kwanza. Muda wa redio haukutosha kumweleza kwa nini, kwa hiyo nayaandika hapa.

Ndege aliyezungumziwa ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, yule anayejulikana kwa kuiga maneno ya watu. Kwao ni misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, na makazi yake yanafika Uganda na kugusa pembe yetu hii ya Kagera, upande wa msitu wa Minziro wilayani Missenyi. Kwa hiyo kwetu si mgeni kabisa. Kagera pia kuna kasuku mdogo wa kahawia mwenye manjano mabegani, ambaye wengi humwona bila kujua kuwa naye ni kasuku. Wale wadogo wa manjano na chungwa mnaowaona kwenye video za simu ni konyua, asili yao ni Amerika ya Kusini. Nao ni wadogo kwa umbo tu. Sauti yao huvuka nyumba kadhaa.

Kelele ni mwito

Kasuku ni ndege wa kundi. Porini kasuku wa kijivu hulala pamoja kwenye miti mirefu, mara nyingine kwa mamia. Kunapokucha huitana kabla ya kutawanyika kutafuta matunda na mbegu, na jioni huitana tena wanaporudi. Msituni majani ni mengi, mwenzako hata akiwa tawi la pili humwoni. Kinachowaunganisha ni sauti. Mmoja huita, "Mimi niko hapa, wewe uko wapi?", na wengine hujibu.

Sasa mchukue ndege huyo umweke peke yake barazani Hamugembe. Kundi lake ni wewe, mama watoto na watoto. Asubuhi unatoka kwenda sokoni au kwenye kibanja, yeye anaita. Hajibiwi. Anaongeza sauti. Unarudi mbio na kumfokea, "Nyamaza wewe!" Kwako hayo ni makaripio. Kwake, kundi limeitika. Amejifunza kwamba akiita kwa upole hakuna anayemjali, ila akipiga mayowe mtu anakuja. Kesho atapiga mayowe. Watoto wakigonga tundu kwa fimbo ndiyo kabisa, kwake hiyo inakuwa ngoma.

Ndiyo maana kumwagia maji, kumfungia gizani mchana au kumpiga hakusaidii. Unapata ndege mwenye hofu, na kasuku mwenye hofu au upweke huanza kujinyonyoa manyoya mpaka kifua kinabaki ngozi tupu.

Kinachosaidia ni kubadilisha kile unachokijibu. Chagua mlio mmoja laini, mluzi mfupi au neno kama "karibu". Akiutoa, mjibu papo hapo, hata kama uko uani unamenya ndizi. Akipiga mayowe, usimwangalie, usiseme neno, usiende. Akinyamaza kidogo tu, mjibu. Siku za mwanzo kelele zitazidi, kwa sababu anajaribu kwa nguvu njia iliyokuwa inafanya kazi. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, na wakimwendea siku ya nne wamemfundisha kwamba inabidi apige mayowe siku nne. Nyumba nzima ikubaliane, maana bibi mmoja mwenye huruma anatosha kuharibu kazi yote.

La pili ni usingizi. Kasuku anahitaji giza na utulivu saa kumi hadi kumi na mbili kila usiku. Nyumba nyingi siku hizi taa na televisheni huzimwa saa tano. Mfunike kwa shuka jepesi linalopitisha hewa ikifika saa moja, kwenye chumba kisicho na watu, na usimfunue mapema. Yule wa Hamugembe tundu lake lilikuwa linatazama barabara, kwa hiyo bodaboda ya kwanza ndiyo ilikuwa saa yake ya kuamka.

La tatu ni kazi. Porini anatumia sehemu kubwa ya siku kutafuta chakula, ila kwenye tundu anapewa bakuli na kumaliza kwa dakika kumi. Saa zinazobaki afanye nini kama si kelele? Funga karanga chache ndani ya majani makavu ya mgomba, azifungue mwenyewe. Mpe magunzi ya mahindi na matawi ya mpera usiopigwa dawa, avitafune. Redio nayo humpa sauti za watu mnapokuwa shambani, na sitamkataa msikilizaji mwenye manyoya, lakini iwe kwa sauti ya chini. Ukiifungulia sana atashindana nayo.

Hata ukifanya yote haya, robo saa ya kelele asubuhi na jioni itabaki. Huyo ndiye kasuku. Asiyeiweza afuge njiwa.

Vitu vya nyumbani vinavyoua

Parachichi, ambalo kwetu limejaa kila kibanja, ni sumu kwa kasuku. Nyama yake, ganda na majani, vyote. Usimpe kahawa pia, wala chokoleti. Karanga au mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, inayoharibu ini lake. Na msimweke jikoni: mapafu yake hayavumilii moshi wa kuni, na mvuke wa kikaango kisichoshika chakula, kikiungua, unaweza kumuua kwa dakika chache. Wapo wanaompa pilipili wakiamini itamfungua mdomo aseme. Ndege hawausikii ukali wa pilipili, na kusema hakutoki huko. Husema kwa sababu anaiga sauti za kundi lake.

Kelele zikikatika ghafla, hapo ndipo pa kushtuka. Kasuku aliyejikunyata, amevimbisha manyoya na hataki kula, anaumwa. Kuna pia homa ya kasuku, inayotoka kwa ndege kwenda kwa mtu kupitia vumbi la kinyesi kilichokauka. Lowesha kinyesi kabla ya kukifagia. Ukipata homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu, mwambie daktari kwamba unafuga ndege, maana asipojua hatawaza ugonjwa huo, na dawa zake zipo.

Kwa nini nilimwambia asimwachie

Ndege aliyezoea bakuli hajui mti upi una matunda wala mwewe anatokea wapi. Kumwachia Hamugembe ni kumuua kwa njia nyingine. Anaweza pia kupeleka magonjwa kwa ndege wa porini.

Halafu kuna jambo ambalo hewani sikutaka kulisema kwa sauti kubwa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka anayekaa na mnyama wa porini awe na kibali, na ndege wa porini amo. Mwaka 2016 nchi zilizokutana Johannesburg ziliamua kwamba kasuku wa kijivu waliokamatwa porini wasiuzwe tena kibiashara kati ya nchi na nchi. Walikuwa wameisha sehemu nyingi. Ghana, ambako zamani walikuwa tele, watafiti walikuta zaidi ya tisa katika kila kumi wametoweka. Sababu ni ukataji wa misitu na soko hili la ndege wa kufugwa. Hunaswa kwa gundi na nyavu, husongamanishwa kwenye makreti, na wengi hufa kabla ya kumfikia mnunuzi. Ukiambiwa kuna kasuku wa bei rahisi amevushwa mpakani, ujue anatoka huko.

Nilimpigia mwenye kasuku baada ya kipindi na kumuuliza habari ya kibali. Alinyamaza kidogo. Ndege alimrithi kwa baba yake mdogo, na karatasi hakuwahi kuiona. Nilimwelekeza kwa afisa wanyamapori, au ofisi ya TAWA, aende mwenyewe kabla hajaitwa. Hofu yake ni kwamba watamchukua, na sikuweza kumwahidi kwamba hawatamchukua. Ameishi naye miaka kumi na moja, na kasuku wa kijivu akitunzwa anaweza kufika miaka arobaini au zaidi.

Juzi alinitumia ujumbe. Anaenda Jumatatu. Tundu amelihamishia sebuleni, mbali na barabara, na asubuhi kelele zinaanza karibu saa moja. Jirani bado ana malalamiko, ila yamebadilika: kasuku amejifunza kubisha "hodi", na mama wa watu ameshafungua mlango mara tatu akakuta hakuna mtu.