Siku zinapopotea na uzito kuzidi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, leo tunaacha kidogo habari za kofia na viatu vya kazi. Kuna ugonjwa unaoweza kuvunja nyumba bila mtu kuujua jina.

Mwanamke ameolewa miaka mitatu, minne, na mtoto hapatikani. Siku zake za mwezi zinakuja mara moja kwa miezi miwili au mitatu, ama zinapotea kabisa. Uzito unaongezeka, zaidi tumboni. Ndevu zinaota kidevuni. Ngozi ya shingo na ya makwapa inakuwa nyeusi na nene, naye anaisugua kwa sabuni akidhani ni uchafu. Jamaa ya bwana wanasema: huyu anakula tu, hazai. Wengine wanataja uchawi.

Si uchawi. Waganga wawili wa hospitali kule Chicago, Stein na Leventhal, waliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1935, wakiwa na wagonjwa saba tu. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika wanawake 100 wenye umri wa kuzaa, 10 mpaka 13 wanao, na wengi wao hawajui. Hesabu basi akina mama wa kambi yako.

Mambo yanakwenda hivi. Ukila bukari, sukari yake inaingia katika damu. Kongosho inatoa insulini, ambayo inaamuru mwili uipokee ile sukari. Kwa wanawake wengi wenye ugonjwa huu, mwili hausikii amri vizuri. Kapita ambaye watu hawamsikii anafanya nini? Anapaza sauti. Kongosho nayo inatoa insulini nyingi kupita kipimo. Lakini ovari, ndiyo nyumba ya mayai ya uzazi, zinaisikia sauti hiyo vizuri sana, nazo zinatengeneza kwa wingi homoni ya kiume, ambayo kila mwanamke anayo kidogo. Hapo yai linakwama, halikomai, na siku zinapotea. Tena insulini nyingi inasaidia mafuta kukaa mwilini, na mafuta ya tumboni yanazidi kuufanya mwili kuwa kiziwi.

Kwa hiyo, bwana, usiseme ni ulafi. Hata wanawake wembamba wanapata ugonjwa huu.

Kongosho ikishindwa, ugonjwa wa sukari unaingia. Na damu isipotoka kwa miezi mingi, utando wa ndani wa mfuko wa uzazi unakuwa mnene, na kansa inaweza kuanzia pale. Mama aliyekaa zaidi ya miezi mitatu bila siku zake, naye hana mimba wala hanyonyeshi, amuone munganga, apimwe pia sukari na mgandamizo wa damu.

Kupunguza uzito kidogo kunasaidia sana. Mama wa kilo 90 akipunguza kilo 5 mpaka 9, mara nyingi siku zinaanza kurudi. Bukari iwe ndogo. Sombe, lengalenga, maharagi na samaki vijaze sahani. Mafuta ya ngazi yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka chupani. Vinywaji vya sukari na pombe, hapo ndipo kilo nyingi zinajificha. Atembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa juma. Lakini bwana akidai mlima wa bukari kila jioni, mama hataweza peke yake. Kuleni pamoja chakula kimoja.

Jihadharini na vidonge vya kunenepesha vya sokoni. Vingine vina deksametazoni, na dawa hiyo inapandisha sukari ya damu.

Munganga anaweza kutoa metformini, inayosaidia mwili kuisikia insulini, na kwa anayetafuta mtoto, letrozoli, inayosaidia yai kukomaa. Wengi wanazaa. Msimeze dawa hizi kwa ushauri wa jirani, kwa sababu rovu nalo linaweza kuharibu siku, na dawa yake ni nyingine.

Mama, siku ya kwenda uchukue karatasi yenye tarehe za damu za mwaka mzima. Ndiyo munganga ataiuliza kwanza. Na wewe bwana, usibaki nyumbani. Mbegu zako pia zipimwe siku hiyo hiyo.