Utawaangalia Vijana

Maneno hayo husemwa bei ikishakubaliwa. Dereva wa Canter au kirikuu ametaja nauli ya kutoa vyombo Nyasho, Musoma mjini, hadi Bunda au Butiama; mwenye vyombo kabembeleza, kapunguziwa; kisha dereva anaongeza, kama aliyekumbuka jambo dogo: "Utawaangalia vijana." Hakitajwi kiasi. Haielezwi kama huko kuangaliwa ndiyo ujira wenyewe wa kupakia na kushusha, au ni asante juu ya ujira. Ukimya huo unawafaa wote wawili: dereva anabaki na bei inayovutia, na mwenye vyombo anabaki na nafasi ya kujiona mkarimu jioni. Anayeugharamia ni yule mwenye friji mgongoni.

Pesa hiyo ina majina mengi: hela ya soda, hela ya maji, asante, kifuta jasho. Hili la mwisho Bunda wanalijua kwa uchungu wake, maana ndilo serikali inalolitumia tembo wa Serengeti wakimaliza shamba. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba na mpaka wa hifadhi, na mkulima huambiwa waziwazi kwamba hiyo si fidia. Kilikuwa kidogo, na wakulima walilalamika miaka yote, lakini angalau kiwango kiliandikwa na umbali ulipimwa. Mbeba mizigo naye hupima umbali. Ukimsikiliza vizuri, hahesabu vyombo. Anahesabu hatua kutoka gari linapokwama hadi mlangoni, na katika mji uliojengwa kati ya majabali kama Musoma, gari hukwama mapema. Kwake kabati la milango mitatu si zito kama lilivyo pana: mlango ni mwembamba, kona haigeuki, na mkwaruzo mmoja utakatwa kwenye hela yake. Godoro la sita kwa sita halina uzito, ila linaziba macho, na mguu unatafuta jiwe gizani. Soda ataipokea, tena kwa shukrani, lakini soda haibebeki kupelekwa nyumbani kwa watoto.

Wapo watakaosema zamani watu walisaidiana bila kuhesabiana. Kweli, Wakurya walikuwa na risaga: majirani wanakuja kulima, mwenye shamba anapika na kutengeneza pombe. Lakini chakula kile kilitosha kwa sababu kesho mwenye shamba naye alishika jembe kwa mwenzake. Anayehama leo hatakwenda kubeba kabati la kijana aliyembebea. Deni lisiloweza kurudishwa kwa mgongo lirudishwe kwa noti. Wengine wanaogopa harufu ya rushwa, na hofu hiyo si ya kipuuzi. Mahakama Kuu ilibatilisha takrima ya wagombea kwa wapiga kura mwaka 2006; ukarimu ulikuwa umegeuka bei ya kura. Ila takrima ile ilitangulia kura, kifuta jasho hufuata kazi. Kikidaiwa vyombo vingali juu ya gari, hapo kweli kimekuwa kitu kingine, na mwenye vyombo ana haki ya kugoma.

Kwa hiyo ujira wa vijana utajwe kabla ya turubai kufunguliwa, mbele yao, kando ya nauli. Kitakachozidi jioni kiwe hiari ya kweli, kitiwe mkononi mwa kila mmoja, kisipitie kwa dereva. Tatizo ni mfuko wa kuitoa: mtumishi wa umma anayehamishwa hulipiwa na mwajiri usafirishaji wa mizigo. Lakini kifuta jasho hakina risiti, basi hutoka mfukoni mwake, na wengi hapo ndipo hukumbuka ubahili.

Linabaki la mgongo wenyewe. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa sheria ya mwaka 2008, nao huchangiwa na mwajiri. Friji likimwangukia kijana kwenye mawe ya Musoma, mwajiri wake ni nani: dereva aliyemwita, au mwenye friji aliyeambiwa amwangalie?