Giaboksi ya Otomatiki Haifungwi kwa Nguvu

Mtu akisikia umefungua giaboksi ya otomatiki uani kwako, swali lake la kwanza ni nati ngapi zimebaki. Utani huo una haki yake. Ndani ya sanduku lile vipande ni vingi mno, na kila mtaa una kisa cha gari lililorudi barabarani huku kopo la vipande likibaki kwa fundi. Hata hivyo mimi, mwalimu mstaafu wa hisabati hapa Tanga, ambaye sijawahi kulipwa hata shilingi kwa kazi ya ufundi, nimeifunga giaboksi ya Hilux Surf yangu ya mwaka 1997 juu ya meza ya barazani, na gari linatembea. Kazi hii haidai misuli wala kipaji. Inadai mtu asiye na haraka, mwenye mwongozo sahihi, anayekubali kupima kila hatua kabla hajaifunika.

Kwa upande wa haraka, fundi wa nyumbani anampita wa gereji. Giaboksi hii ilikwisha kufunguliwa kwenye gereji moja ya mjini, ikawekwa pleti mpya, na baada ya muda gia ya nne ikarudi kuteleza vilevile. Nilipoifungua mwenyewe nilikuta pleti ni mpya kweli, ila sili za pistoni inayozibana zilikuwa za zamani, zimekakamaa kiasi cha kuvunjika ukizikunja. Simlaumu sana yule fundi. Alikuwa na foleni ya magari na wenye magari wanampigia simu. Mimi nilikuwa na pensheni na kivuli cha mwembe.

Kwanza tujue tunafunga nini. Giaboksi ya Surf yangu ni ya familia ya A340, iliyobuniwa na Aisin-Warner, kampuni iliyoundwa mwaka 1969 kwa ubia wa Aisin Seiki ya Japani na BorgWarner ya Marekani. Familia hiyo imefungwa kwenye Toyota nyingi: Surf, Prado, hata Supra. Ndani yake kuna seti tatu za gia za sayari. Kila seti ina gia ya jua katikati, gia ndogo zinazoizunguka, na pete yenye meno kwa ndani inayozifunika zote. Seti mbili zimepangwa kwa mtindo wa mhandisi Mmarekani Howard Simpson, zikichangia jua moja. Ya tatu imekaa mbele kwa ajili ya overdraivu, yaani gia ya nne.

Humu hakuna gia inayosogezwa ikaume nyingine. Meno yote yameumana saa zote. Kinachobadilika ni kipande gani kimeshikwa kisizunguke na kipi kinasukumwa. Kazi ya kushika na kuachia inafanywa na klachi tatu, breki nne, na klachi tatu nyingine za upande mmoja, zinazoruhusu mzunguko kwenda huku na kukataa kule. Oili inasukumwa na pampu, inaingia nyuma ya pistoni, pistoni inabana pleti, gia inapatikana. Gia ya kwanza, shafti inayoingia huzunguka karibu mara 2.8 ndipo inayotoka izunguke mara moja. Gia ya tatu ni sawa kwa sawa. Ukishalielewa hili, hofu inapungua nusu, maana utaona kwamba kufunga giaboksi ni mambo matatu: oili isivuje nyuma ya pistoni, pleti ziwe na nafasi inayotakiwa, na kila kipande kikae kimeelekea upande wake.

Usafi sitausema kwa urefu. Usitumie matambara ya pamba wala glovu za pamba. Nyuzi zake huingia kwenye vijia vya oili na kukwamisha valvu. Mwongozo wa Toyota unataka kitambaa cha nailoni, nami nikamwomba mke wangu mtandio wake wa zamani, ambao hakuutoa bila maneno. Ili beringi bapa na washa zisianguke unapogeuza vitu, zigandishe kwa mafuta ya mgando ya dukani, yale ya kupaka mtoto, kwa sababu huyeyuka ndani ya oili bila madhara. Grisi usiiguse. Haiyeyuki upesi, na itakwenda kuziba palepale usipopaona. Pleti mpya za msuguano ziloweke kwenye oili ya giaboksi kabla ya kuzipanga. Miongozo mingine inasema angalau dakika 15, mingine saa 2. Mimi huzilaza usiku kucha.

Halafu ndipo upangaji. Ngoma yenye pleti inaposhuka juu ya kitovu chake, meno ya pleti hayajapangana, kwa hiyo inakaa juu. Hapa wengi hushika nyundo. Weka nyundo mbali. Izungushe ngoma kidogo huku ukiitikisa, utaisikia ikishuka hatua moja, pleti ya kwanza imeingia. Tikisa tena, ya pili. Endelea hadi ya mwisho. Ukiridhika mapema na pleti moja ikabaki nje, ukikaza bolti za pampu utaipinda au kuivunja, na usipopima hutajua mpaka gari liwake. Kipimo chake ni rahisi: ukishakaza pampu, shika shafti inayoingia kwa vidole uizungushe. Lazima izunguke. Ikigoma, fungua tena, hata kama ni saa mbili usiku na umeme umekatika.

Nafasi ya pleti hupimwa kwa fila geji. Ikiwa kubwa kupita kiwango cha mwongozo, pistoni inakwenda mbali mno na gia inachelewa au inateleza. Ikiwa ndogo, pleti zinakwaruzana hata zikiachiwa, mwisho zinaungua. Ndiyo maana pleti nene ya mwisho huuzwa kwa unene tofauti, ili uchague inayorudisha nafasi mahali pake. Klachi za upande mmoja nazo zijaribu kwa mkono kila unapozifunga: upande huu zizunguke, upande ule zikatae. Kipande kile kinaweza kuingia kinyume bila kulalamika, na gari likakosa gia ya kwanza.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha upepo. Kwenye bodi la giaboksi kuna tundu la kila klachi na kila breki, lile litakalopitisha oili. Ukipuliza upepo wa kompresa kwenye tundu hilo, pistoni inasogea kana kwamba gari limewashwa. Mwongozo unataka kilopaskali 392 hadi 785. Sina kompresa, ila fundi pancha wa kona ya kwetu anayo, akaja nayo kwa mkokoteni.

“Shikamoo mwalimu. Tairi liko wapi?”

“Marahaba kijana. Leo hakuna tairi, tunapuliza giaboksi.”

Alinitazama kama mtu anayefikiria kumwita mke wangu. Kabla ya yote nilimwomba afungue nati ya chini ya tangi, yakatoka maji yenye kutu, karibu kikombe. Maji hayo yakiingia kwenye pleti za msuguano huziharibu, kwa maana utando wake ni wa nyuzi za aina ya karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Yalipokauka tukaanza. Tundu la kwanza: tap! Mlio mmoja mzito, kisha kimya. Hiyo ni klachi nzima. La pili, hivyohivyo. Siku nilipolijaribu tundu la breki ya overdraivu kabla ya kuifungua giaboksi, upepo ulitoka shhh mfululizo na pistoni haikusogea. Ndiyo iliyoniambia ugonjwa uko wapi. Sasa, na sili mpya, ikajibu tap. Kijana akaomba airudie yeye mwenyewe, akacheka. Kwenye pete za shafti uvujaji mdogo ni wa kawaida, lakini pistoni isiyogonga kabisa usiifunike kwa matumaini.

Valvu bodi, ile pleti ya alumini yenye vijia vingi, ndiyo inayotisha watu. Usiipasue kama hakuna sababu. Ukiipasua, piga picha kabla hujagusa kitu, kwa kuwa ndani kuna vijigololi, vingine vya mpira na vingine vya chuma, na kila kimoja kina shimo lake. Bolti zake zina urefu tofauti. Chora umbo lake kwenye boksi la katoni, kisha chomeka kila bolti mahali pake kwenye mchoro. Zikazwe kwa spana ya kipimo, takribani nyutonimita 10 tu. Mkono uliozoea nati za tairi utachuna nyuzi za alumini kabla hujajua.

Mahali ambapo kazi nyingi nzuri huharibikia ni toki konveta, lile boga la chuma linalokaa kati ya injini na giaboksi. Lazima liume sehemu tatu kwa zamu: shafti ya steta, shafti inayoingia, na meno ya pampu. Mara nyingi mtu anaridhika na mbili. Anaipandisha giaboksi, anaona haijagusana na injini, anaivuta kwa bolti. Gari likiwaka tu, pampu inavunjika na kazi yote imekwenda. Dawa yake ni rula mbili: laza moja juu ya mdomo wa giaboksi, kwa nyingine pima kina kutoka hapo hadi kwenye uso wa konveta unaofungwa bolti. Namba sahihi imo kwenye mwongozo wa gari lako. Ikipungua, zungusha na kusukuma mpaka ishuke. Na siku ya kupandisha, giaboksi na injini zigusane zenyewe kabla ya bolti yoyote kukazwa.

Mabomba yanayopeleka oili kwenye rejeta yasafishwe, vinginevyo uchafu wa pleti zilizoungua utarudi kwenye giaboksi mpya. Gereji ile haikuyagusa. Oili nayo si “haidroliki yoyote nyekundu” kama wanavyosema dukani. Surf ya miaka ile inataka Dexron, Toyota za baadaye zinataka T-IV au WS, na hazichanganywi. Jaza kidogokidogo, ipime ikiwa imepata moto, injini ikinguruma taratibu, baada ya kupitisha mkono wa gia kila nafasi na kuurudisha P.

Kipimo cha mwisho chukua kwa simu yako. Kanyaga breki, toa N weka D: gari lishike ndani ya sekunde 1.2. Toa N weka R: ndani ya 1.5. Likichelewa, kuna kitu kinavuja. Lile jaribio la kukanyaga moto huku breki imeshikwa, ambalo halitakiwi kuzidi sekunde 5, mimi nawaachia wenye gereji. Na gari lako likiwa na CVT, inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia za sayari, makala hii haikuhusu.

Ukiamua kujaribu, funua boneti usome kibati cha utambulisho. Kwenye Toyota namba ya giaboksi imeandikwa hapo. Tafuta mwongozo wa namba hiyo hasa, si wa gari linalofanana nalo, uusome hadi mwisho, ndipo ushike spana.